Povu Si Cheti cha Maji Salama: Tulichambue Somo la Sabuni Tukiwa Meru

Kama umepita sekondari Tanzania, somo hili huenda unalikumbuka. Mwalimu ana chupa mbili za maji. Anatia sabuni, anatikisa. Chupa moja inajaa povu, nyingine inabaki na utando mweupe unaoelea kama maziwa yaliyokatika. Unaandika kwenye daftari: maji laini hutoa povu upesi, maji magumu hayatoi. Siku ya mtihani unajibu swali, unapata alama zako, mambo yameisha.

Leo nataka tulichambue somo hilo kama watu wanavyochambua kitabu au filamu: linafanya nini vizuri, linaacha nini, na linafaa wapi. Hoja yangu ni moja. Somo ni sahihi, ila linajibu swali lililoulizwa mahali pengine. Ukilileta kwenye miteremko ya Mlima Meru bila kuliongezea kitu, mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba maji yanayopatana na sabuni ndiyo maji mazuri. Huku kwetu imani hiyo ina gharama. Ile hali inayofanya sabuni itoe povu kirahisi ndiyo hiyo hiyo inayoruhusu floridi nyingi kubaki ndani ya maji.

Twende taratibu.

Kwanza, sifa zake

Tulipe somo haki yake. Ni jaribio la bei nafuu, halihitaji umeme, na linaonyesha kitu ambacho macho hayakioni. Molekuli ya sabuni ina sehemu mbili: kichwa chenye chaji kinachopenda maji, na mkia mrefu wa mafuta usiotaka kabisa kukaa na maji. Ukitia sabuni ya kutosha, molekuli hizi hujikusanya kwenye vifurushi vidogo sana, mikia ndani, vichwa nje. Vifurushi hivyo huitwa miseli. Mkemia James McBain alitoa wazo hilo mwaka 1913, na hadi leo ndilo linaloeleza kwa nini maji ya sabuni hubeba mafuta ya kwenye sufuria wakati maji matupu yanashindwa.

Sasa weka kalsiamu ndani ya maji hayo. Ioni moja ya kalsiamu ina chaji mbili, kwa hiyo inashika vichwa viwili vya sabuni kwa mpigo. Kinachotokea ni sabuni ya kalsiamu, ambayo maji hayaiwezi. Inatoka, inakuwa ule utando unaoshika kwenye beseni na kwenye kola ya shati jeupe. Magnesiamu nayo hufanya hivyo hivyo. Mpaka zote zishikwe na kutolewa, povu hakuna. Ndiyo maana ukihesabu matone ya sabuni mpaka povu litokee na kudumu, umepima ugumu wa maji. Kazi nzuri kabisa.

Mtu wa Unguja haoni ajabu hapa. Visima vingi vya huko vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Maji yanapita kwenye jiwe, yanatoka na kalsiamu, sabuni inaliwa. Somo na maisha yanakubaliana.

Kasoro ya kwanza: povu limepewa kazi isiyo yake

Uliza darasa lolote, "Umejuaje kwamba sabuni imeyeyuka?" Wengi watakujibu, "Imetoa povu." Hapa kuna mambo mawili yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja.

Paruza sabuni ya mche, gawa mafungu matatu. Moja tia kwenye maji ya uvuguvugu, la pili kwenye spiriti ya dukani, la tatu kwenye mafuta ya taa. (Spiriti na mafuta ya taa hushika moto, kwa hiyo jiko liwe mbali. Ukitaka kupasha spiriti joto kidogo, weka chupa yake kwenye bakuli la maji ya moto, usiiweke motoni.) Kwenye maji utapata ukungu na povu. Kwenye mafuta ya taa vipande vitalala chini kama vilivyoingia: ule mkia wa mafuta peke yake ungekuwa nyumbani humo, lakini kichwa chenye chaji hakina wa kukipokea. Kwenye spiriti ya uvuguvugu sabuni nyingi inaingia, kimiminika kinabaki karibu angavu. Tikisa sasa. Povu la maana halipo.

Umeona? Kwenye spiriti sabuni imeyeyuka vizuri bila povu. Povu hutokea pale molekuli za sabuni zinapokimbilia juu ya uso wa maji, mikia ikitafuta hewa, zikatengeneza ngozi nyembamba inayoshikilia viputo. Kwenye spiriti mikia haina sababu ya kukimbia. Ni tukio la uso wa kimiminika, ilhali kuyeyuka ni tukio la ndani yake. Na kuna kichekesho kidogo: ile sabuni ya matone ya maabara, inayotumika kupima ugumu wa maji, kwa kawaida huandaliwa kwa kuyeyushwa kwenye alkoholi. Jaribio linaanza na sabuni iliyoyeyuka bila povu, halafu linatufundisha kwamba povu ndiyo alama ya kuyeyuka!

Kasoro ya pili: neno "kuyeyuka" limebebeshwa mzigo

Hii siyo lawama kwa mwalimu, ni lugha yetu wenyewe. Kiswahili cha kila siku kinasema siagi imeyeyuka kwenye kikaango na sukari imeyeyuka kwenye chai. Ni neno moja, lakini ni kazi mbili. Siagi haikuhitaji mwenzake. Ilihitaji joto tu, ikabadilika yenyewe kutoka yabisi kuwa kimiminika. Sukari ilihitaji maji. Bila maji hakuna habari. Vitabu vingine hujaribu kutenganisha kwa kuleta "mmumunyo" na "kumumunyika", na ukikumbuka mtoto anavyomumunya pipi unaona neno limechaguliwa vizuri. Lakini darasani na nyumbani "yeyuka" inaendelea kutawala.

Madhara yake ni haya: mwanafunzi anadhani kuyeyuka ni tabia ya kitu kimoja, kama rangi au uzito. "Chumvi inayeyuka. Mafuta hayayeyuki." Anasahau kuuliza: kwenye nini? Na zaidi ya hapo, pamoja na nani? Hilo swali la pili ndilo linalotuleta mlimani.

Kasoro ya tatu: kanuni ya kufanana inaishia mapema

Tunafundishwa kwamba vinavyofanana huyeyushana: vyenye chaji huyeyuka kwenye maji, vya mafuta kwenye mafuta. Kwa jaribio la maji, spiriti na mafuta ya taa inatusaidia sana. Sasa ijaribu kwa chumvi mbili: sodiamu floridi na kalsiamu floridi. Zote zina floridi. Zote zina chaji. Kwa kanuni ya kufanana, zote ziyeyuke vizuri kwenye maji.

Lita moja ya maji hupokea zaidi ya gramu 40 za sodiamu floridi. Lita hiyo hiyo hupokea miligramu 16 hivi za kalsiamu floridi. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara elfu mbili, kati ya chumvi mbili ambazo kanuni inaziweka kapu moja. Kalsiamu yenye chaji mbili inaikumbatia floridi kwa nguvu, na maji hayana uwezo wa kuwatenganisha kirahisi.

Shika hilo, kwa sababu sasa tunapanda Meru.

Mlima unavyofanya kemia yake

Meru ni volkano. Mara ya mwisho kulipuka ni mwaka 1910, na miamba na majivu yake yana sodiamu nyingi pamoja na floridi. Mvua inapozama humo hutoka kwenye chemchemi na visima ikiwa na sodiamu na bikaboneti. Maji ya namna hii ni ya alikali, na kwenye alikali kalsiamu haikai: inashikwa na kaboneti, inatoka kama chokaa na kubaki kwenye mwamba. Maji yanateremka bondeni na sodiamu yake, kalsiamu ikiwa kidogo sana.

Mpe mama anayefua maji hayo, atafurahi. Sabuni haina adui, povu linajaa beseni. Kwa kipimo cha darasani haya ni maji laini, alama zote.

Sasa iangalie floridi. Kalsiamu ndiyo ingeishika na kuitoa, na kalsiamu imeshaondoka. Tufanye hesabu ya darasani, ya maji ya kwenye karatasi. Maji yaliyogusana na kalsiamu floridi peke yake hushika floridi kama miligramu 8 kwa lita. Yakiwa tayari na kalsiamu miligramu 40 kwa lita, nafasi ya floridi inashuka hadi karibu 3.5. Yakiwa na kalsiamu miligramu 2 tu, nafasi inapanda hadi karibu 16. Maji ya kweli yana mambo mengine mengi ndani yake, lakini mwelekeo ni huo: kalsiamu ikipungua, mlango wa floridi unafunguka.

Linganisha na kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania yenyewe kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4, na kabla ya hapo hadi 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu sehemu kama zetu hazikuwa na maji mengine. Mto Ngarenanyuki, upande wa kaskazini mashariki mwa mlima, umepimwa ukakutwa na zaidi ya miligramu 20. Maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yale ya flamingo, yana mamia, maana jua hukausha maji na kuiacha floridi ikiongezeka ndani yake. Ndani ya jiji vyanzo vinatofautiana sana: chemchemi hii ina floridi kidogo, kisima kile kina nyingi. Macho hayatofautishi, ulimi hautofautishi, na sabuni ndiyo haitofautishi kabisa.

Jaribu kufikiria chupa mbili. Ya kwanza ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi: karibu hayana kalsiamu, karibu hayana floridi. Ya pili ni maji ya chemchemi ya Meru yenye floridi mara kumi ya kiwango. Tikisa zote na sabuni. Povu linafanana. Somo letu limezipa alama sawa.

Lilikotoka swali

Kipimo hiki cha matone ya sabuni kinahusishwa na Thomas Clark, mkemia wa Aberdeen huko Scotland, ambaye mwaka 1841 alipata hataza ya njia ya kulainisha maji kwa chokaa. Maji yaliyomsumbua yalikuwa ya Uingereza ya kusini, London ikiwamo, yanayotoka kwenye miamba ya chokaa. Tatizo la watu wake lilikuwa sabuni inayopotea bure na magamba yanayoziba boila. Kwa swali lao, kipimo kilikuwa sahihi mno.

Simlaumu Clark. Ninachohoji ni sisi kupokea kipimo bila kuuliza kilitengenezwa kwa mwamba gani. Tumekaa juu ya volkano tukisoma maji ya mwamba wa chokaa.

Magadi: tiba inayoongeza ugonjwa

Kuna sehemu nyingine ya somo inayonisumbua zaidi. Mwanafunzi akishajua maji magumu, anafundishwa kuyalainisha, na mojawapo ya njia ni kutia soda ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti. Kaboneti inaishika kalsiamu, inazama, povu linarudi. Rudi nyuma aya chache: huo ndio mchakato wa Meru, umewekwa ndani ya chupa.

Na sisi soda hiyo tunayo jikoni. Ni magadi. Yanayotoka maeneo ya Ziwa Natron ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na bikaboneti, na makande hayajui kuiva haraka bila hayo. Sababu ni ile ile: maharage na mahindi yana pektini inayoshikiliwa na kalsiamu, magadi yanaiondoa kalsiamu, pektini inalegea, chakula kinalainika. Kemia safi, na bibi zetu waliijua kwa mikono. Shida ni kwamba magadi ya asili mara nyingi huja na floridi ndani yake, na utafiti wa meno uliofanyika hapa nchini umeonyesha magadi kama hayo yanaweza kuharibu meno ya watoto hata mahali ambapo maji yenyewe yana floridi kidogo. Kwa hiyo unaondoa kalsiamu iliyokuwa inakusaidia, na unaongeza floridi. Somo linalosifu kulainisha maji bila kutaja hili, likifundishwa Usa River au Ngarenanyuki, limeacha jambo kubwa.

Kwa nini nashikilia hili

Kwa sababu tunazungumzia watoto. Madoa ya kahawia kwenye meno, yale ambayo watu wa mikoa mingine wakiyaona wanasema "huyu wa Arusha," hayaji ukubwani. Yanaandikwa wakati jino linatengenezwa ndani ya fizi, takriban miaka minane ya kwanza ya maisha. Mtu mzima akihamia Arusha meno yake hayageuki. Mtoto anayekulia hapa na maji yenye floridi nyingi hawezi kuyasugua yakatoka. Na floridi ikizidi kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa: viungo kukakamaa, miguu ya watoto kupinda.

Wakati huo huo nyumbani tunaambiana: "Chemsha, yatakuwa salama." Kwa vijidudu, ndiyo, chemsha. Kwa floridi, piga hesabu: lita 5 zenye miligramu 4 kwa lita zina jumla ya miligramu 20. Zichemshe mpaka zibaki lita 4. Mvuke umeondoka, floridi haikuondoka. Sasa una miligramu 5 kwa lita. Mtu aliyefundishwa kuyeyuka kama uhusiano wa kitu na maji anayaona haya mwenyewe. Aliyekariri povu hawezi.

Mkaa wa kawaida nao hausaidii hapa. Unaosaidia ni mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mfupa una kalsiamu na fosfeti, na madini yake huishika floridi kama jino linavyoishika, ila safari hii inashikwa kwenye chujio badala ya mdomoni. Una mipaka: ukijaa lazima ubadilishwe, na wapo wanaosita kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa, hasa wasipojua ni ya mnyama gani. Lakini angalia wazo lenyewe: tunarudisha kalsiamu ambayo mlima uliinyima maji.

Somo liandikwe upya vipi?

Sidai lifutwe. Naomba liongezewe chupa. Mwalimu wa Arusha anaweza kufanya hivi kesho, kwa sabuni ya mche tu. (Sabuni ya unga isitumike, maana nyingi hutoa povu hata kwenye maji magumu, na jaribio litavurugika.)

Chupa ya kwanza: maji ya mvua. Ya pili: maji ya mvua yaliyolowekwa chaki ya ubaoni iliyopondwa, chaki nyingi ni jasi, yaani kalsiamu salfeti, na povu litakwama. Ya tatu: kama ya pili, halafu tia magadi, maji yatapata ukungu mweupe na povu litarudi. Ya nne: maji ya mvua yenye chumvi ya jikoni nyingi, povu litakwama tena, safari hii bila kalsiamu, kwa sababu sodiamu ikizidi huisukuma sabuni nje. Watu wa pwani waliojaribu kufua kwa maji ya bahari wanalijua hilo. Ya tano: maji ya chanzo ambacho wanafunzi wenyewe wanakunywa.

Wakishaandika matokeo, mwalimu aulize swali ambalo mtihani hauulizi: katika maji haya, yapi ungempa mdogo wako wa miaka mitatu, na povu limekusaidia kuamua? Waache wabishane. Jibu litatoka lenyewe: sabuni haijui floridi. Kujua, unapeleka sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji, ambako floridi inapimwa kwa kifaa chake.

Na wewe msomaji ambaye huna darasa: kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka minane na unakinga maji ya mvua, hata kama ni kidogo, mtengee yeye ya kunywa na kupikiwa, ukiyachemsha kwa ajili ya vijidudu. Magadi kwenye chakula chake punguza. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva bila hayo, ingawa utasubiri kidogo. Usijaribu kutia chokaa au chaki kwenye maji ya kunywa kwa kubahatisha. Na ukimsikia fundi wa kisima akisifia maji yake kwamba "hata sabuni yanatoa povu vizuri," mwombe cheti cha maabara, na usome mstari wa floridi kabla ya kulipa.